Grafiksi kali au gemu tamu? Kwanini mabishano ya konsoli hayaishi

Mwezi wa 6 mwaka 2025 Nintendo waliachia konsoli yao mpya, Switch 2, na ndani ya siku 4 tu zikawa zimeuzwa zaidi ya milioni 3.5 duniani. Mabishano yakaanza upya. Kuna wanaosema hawaelewi, hiki kidude nguvu zake hazifiki hata PS5 ya Sony iliyotoka 2020, sasa watu wanakimbilia nini? Na kuna wanaowajibu kwamba grafiksi ni mbwembwe tu za matangazo, gemu ni utamu basi. Wanabishana wee, af kila mmoja anaondoka anajiona kashinda.

Mi nadhani hawa watu hawabishanii kitu kimoja. Mmoja akisema grafiksi anawaza jasho linavyong'aa usoni kwa mchezaji wa mpira, mwingine anawaza gemu isigandegande, mwingine anawaza rangi na michoro ilivyopangiliwa. Vyote vinarundikwa pamoja na ndo maana hamna anayemsikia mwenzie. Ngoja tuvitenganishe taratibu.

Tuanze na mashine yenyewe. Konsoli ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchezea gemu, unachomeka kwenye TV unashika padi unacheza: PlayStation ya Sony, Xbox ya Microsoft, na hizi za Nintendo ambazo nyingine unatembea nazo mkononi. Tofauti yake kubwa na kompyuta ya kawaida ni kwamba ndani haibadiliki. Huwezi kuiongezea memori ya kufanyia kazi (RAM) wala kubadilisha chipu, ulivyoinunua ndo hivyohivyo mpaka kitoke kizazi kingine, na hapo huwa inapita miaka 6 au 7. Kwahiyo mtengenezaji wa gemu anajua kabisa ana nguvu kiasi gani za kutumia, na hazitaongezeka hata alie vipi.

Sasa grafiksi. Kuna rezolusheni, yani picha imegawanywa kwenye nukta ngapi. Nukta hizo ndo zinaitwa pikseli. TV ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi. 4K ni 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3, mara nne kamili. Halafu kuna freimu, yani kwa sekunde moja mashine inakuchorea picha mpya ngapi. Gemu nyingi zinakuwa 30 au 60. Halafu kuna undani wa kilichochorwa: vivuli, mwanga unavyopiga kwenye maji, nywele mojamoja, ukuta uliopauka. Na kuna kitu cha nne ambacho watu hawakihesabu kabisa, nacho ni mtindo, yani msanii kaamua dunia yake ionekaneje, kama katuni au kama kitu kilichopigwa na kamera.

Chukulia nguvu ya konsoli ni mshahara. Mshahara ni uleule kila mwezi, ukihamia nyumba yenye kodi kubwa lazima kuna kitu kitapungua, iwe ni chakula, nauli au ada ya mtoto. Ukiitoa gemu kwenye Full HD ukaipeleka 4K umeiongezea mashine pikseli mara nne za kuchora, na hiyo hela inabidi itoke mahali: labda freimu zishuke, labda vivuli vipunguzwe, labda barabarani badala ya watu 40 watembee 15. Kwa freimu 60 mashine ina milisekunde 16.7 tu za kumaliza picha nzima, kwa freimu 30 inapata 33.3. Ndo bajeti yenyewe hiyo. Mtindo peke yake hauna kodi kubwa, unalipwa na akili ya msanii.

Na raha je? Haina kipimo, hamna boksi linaloandikwa raha 85. Ila ukikaa na watu wanaocheza utaona inajengwa na vitu vinavyoonekana. Unabonyeza, kitu kinatokea hapohapo. Sheria unazishika ndani ya dakika chache ila kuwa fundi kunachukua miezi. Ukifungwa unajua kwanini umefungwa na unataka kurudia. Na mara nyingi pembeni yako kuna mtu wa kumcheka.

Angalia hicho cha kwanza, unabonyeza kinatokea hapohapo. Hicho kinategemea freimu moja kwa moja. Kwenye freimu 30 picha mpya inakuja kila milisekunde 33, kwahiyo ulichobonyeza kinachelewa kuonekana kuliko kwenye 60. Kwenye gemu ya kutembea na kusoma stori hutajali sana, lakini kwenye mpira, ngumi au mbio za magari mkono wako unajua tofauti hata kama mdomo hauwezi kuielezea, utasikia mtu anasema tu "hii gemu nzito". Kumbe basi kipande kimoja cha grafiksi kinaishi ndani ya raha yenyewe, na kingine, rezolusheni, ukikipandisha bila mpango unaweza kuwa unaila ileile raha bila kujua.

Septemba 2024, Sony walipokuwa wanaitambulisha PS5 Pro, Mark Cerny ambaye ndo msanifu mkuu wa hizo mashine alisema jambo moja ambalo kwangu mimi linamaliza nusu ya ubishi. Gemu nyingi za PS5 zinakupa uchague: modi ya picha nzuri zaidi, mara nyingi kwa freimu 30, au modi ya kasi kwa freimu 60 huku picha ikishushwa ubora. Cerny alisema wachezaji wanachagua kasi kama robo tatu ya wakati. Robo tatu! Hao ni watu waliotoa hela ndefu kwa mashine inayotangazwa kwa picha, na wakiulizwa wachague wanaenda kwenye gemu inayowasikiliza vidole. Jibu la Sony likawa kuwauzia mashine ya karibu dola 700, tena isiyokuja hata na sehemu ya kuingizia diski, ili wapate vyote viwili. Biashara.

Sasa turudi nyuma kidogo maana historia ya konsoli ina mfano mmoja ambao kila anayebishana anautaja nusunusu. Novemba 2006, Marekani, mashine mbili ziliingia sokoni zikiachana siku 2. Ya kwanza PS3, dola 499 na nyingine 599, ina chipu ya Cell ambayo Sony waliitengeneza pamoja na IBM na Toshiba, inasoma diski za Blu-ray, inatoa picha za HD. Ya pili Wii ya Nintendo, dola 250, ambayo ndani yake ilikuwa ndugu wa damu wa GameCube, konsoli yao ya mwaka 2001. Wii haikutoa HD kabisa, iliishia mistari 480 wakati Full HD ina 1080. Kwa karatasi hapo hamna mechi.

Ila Wii ilikuja na padi iliyofanana na rimoti, unaipunga kama raketi na mtu kwenye TV anapunga. Gemu iliyokuja nayo ndani ya boksi karibu nchi zote nje ya Japani ni Wii Sports, ambayo ukiiangalia leo unacheka, watu wake hawana hata mikono, viganja vinaelea tu hewani. Lakini bibi aliyekuwa hajawahi kushika padi maishani alielewa ndani ya nusu dakika afanye nini. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo wakati huo, alishaona kwamba padi zimejaa vitufe kiasi kwamba asiyecheza anaogopa hata kuishika, akaamua kuwafuata haohao wasiocheza badala ya kugombania wanaocheza. Wii iliuza zaidi ya milioni 101, PS3 zaidi ya milioni 87, na Wii Sports peke yake ikafika nakala milioni 82 na ushee. Huku Sony kila PS3 waliyouza mwanzoni ilikuwa inawatia hasara maana kuitengeneza kulikuwa ghali kuliko bei ya dukani.

Wanaosema raha inashinda huwa wanaishia hapo wanafunga mjadala. Haujaisha.

Wii ilipanda kwa kasi na ikashuka kwa kasi. Kampuni nyingine zikitengeneza gemu kubwa zilikuwa zinazitengeneza kwa PS3 na Xbox 360, ukija kwenye Wii haziingii. Gemu ya GTA IV ya 2008 haikufika kule kabisa. Kwahiyo yule aliyenunua Wii kwa ajili ya familia alicheza tenisi, akacheza bolingi, akaichoka, akaiweka kabatini, wakati PS3 iliyoanza kwa kuchekwa bei yake iliendelea kupata gemu mpya miaka yote hiyo. Halafu 2012 Nintendo wakaleta Wii U, dhaifu tena kuliko washindani waliokuja mwaka uliofuata, na yenyewe ilikuwa na gemu tamu kabisa za Mario. Ikauza milioni 13 na nusu hivi, basi. Jina liliwachanganya watu, wengine walidhani ni padi mpya ya Wii ileile, kampuni kubwa zikakimbia, na wale wasio wachezaji ambao Wii iliwaleta walishahamia kwenye simu. Utamu ulikuwepo ila haukutosha.

Mfano wa zamani zaidi ni Game Boy ya 1989, na huu mi naupenda kuliko wote kwasababu unaonyesha kitu ambacho hakiandikwi sana kwenye haya mabishano: betri. Game Boy ilikuwa na skrini ya kijanikijani, rangi nne za mfifio, haina taa hata ya kuangazia. Mwaka uleule ikatoka Atari Lynx yenye rangi kabisa, na 1990 Japani ikatoka Game Gear ya Sega, na yenyewe ya rangi na taa yake. Kwa picha Game Boy ilipigwa vibaya. Lakini ilitumia betri 4 ndogo na kucheza masaa 15 au zaidi, Game Gear ilikula betri 6 kwa masaa 3 mpaka 5, sasa mzazi gani atakununulia betri kila siku? Aliyesimamia Game Boy ni Gunpei Yokoi, jamaa aliyeanza kazi Nintendo kama fundi wa kutunza mashine za kiwandani enzi wanatengeneza karata, na falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia ya zamani, iliyokwishakuwa rahisi na kuzoeleka, na kuitumia kwa namna ambayo hamna aliyeifikiria. Game Boy pamoja na ile toleo la rangi iliyokuja baadaye ziliuza zaidi ya milioni 118. Game Gear ilibaki kwenye milioni 10 na kitu.

Na gemu iliyoiuza hiyo Game Boy ilikuwa Tetris, matofali yanashuka unayapanga. Aliitunga Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984 kwenye mashine isiyo na uwezo wa kuchora picha, akatumia mabano ya maandishi kuwa matofali. Mpaka leo watu wanaicheza.

Sasa hapa wengi wanarukia kusema basi mashine ndogo ndo huwa inashinda. Hapana, angalia bei, betri na gemu zilizopo, ndo utaona kwanini. PS2 kwa mfano. Ilitoka 2000, ikafuatiwa na GameCube na Xbox ya kwanza ambazo zote mbili zilikuwa na nguvu kuizidi, Xbox ilikuwa na memori mara mbili yake na hadi diski ngumu ndani. PS2 iliuza zaidi ya milioni 160, hamna konsoli iliyowahi kuizidi ukihesabu zote zilizowahi kutengenezwa. Xbox iliishia kwenye milioni 24, GameCube milioni 21 na ushee. PS2 iliwahi mapema, ilicheza DVD wakati mashine za DVD zenyewe bado ghali, ilicheza na gemu za PS1, na kila kampuni ilitengeneza gemu kwa ajili yake. Huku kwetu ndo iliyojaza mabanda ya gemu mitaani, benchi la mbao, padi mbili zilizochakaa, unalipia mechi, anayefungwa anapisha. Hamna mtu aliyekuwa anahesabu pikseli pale. Watu walibishana kama goli lilikuwa la haki.

Na tukiwa hapohapo kuna jambo la TV za chogo. Utasikia mtu kachomeka PS2 kwenye TV ya flati ya inchi 50 anashangaa, "kumbe ilikuwa mbaya hivi, tulikuwa tumelogwa?" Hamkulogwa. TV za chogo zilikuwa zinachora picha kwa mistari na zinalainisha kingo zenyewe, rangi zinachanganyika kidogo, na waliotengeneza gemu za wakati ule walizijaribu kwenye TV hizohizo. Ukiipeleka picha ileile kwenye flati, TV inaitanua kwa nguvu na kila kasoro inatoka nje. Kwahiyo nusu ya ubaya unaouona leo ni wa TV. Nusu nyingine ni kweli, ilikuwa mbaya.

Hapa ndo mtindo unapoonyesha thamani yake. Mwaka 2000 Nintendo walionyesha video ya gemu yao ya Zelda yenye sura ya kiuhalisia, mashabiki wakapagawa, halafu mwaka uliofuata wakaonyesha gemu yenyewe imekuja kikatuni, macho makubwa, rangi bapa, watu wakakasirika kweli, wakasema ni ya watoto. Hiyo ni The Wind Waker, ilitoka Japani mwishoni mwa 2002. Ichukue leo uiweke pembeni ya gemu za mwaka uleule zilizojaribu kufanana na binadamu halisi. Zile za binadamu zina sura za maiti, ile ya katuni bado inapendeza. Kuiga uhalisia ni mbio, mwakani atakuja mwenye chipu kubwa atakupita, ila mtindo mzuri hauna wa kuupita, unakaa palepale. Nikisikia mtu anasema gemu fulani ina grafiksi nzuri huwa nauliza kwanza, nzuri kwa nguvu au nzuri kwa mpangilio?

Kuna wale wa kambi ya pili sasa, wanaosema nguvu ya mashine haina maana yoyote. Hawa nao wamezidisha. Nguvu haiendi kwenye picha tu. GTA III ya Oktoba 2001, mji mzima wa 3D unazunguka na gari popote, watu wanatembea, polisi wanakukimbiza, hiyo raha haikuwezekana kwenye PS1, GTA za mwanzo ulikuwa unauangalia mji kutoka juu kama ndege. Ilihitaji mashine mpya ili ile raha izaliwe. PS5 vilevile, kitu kilichobadilisha zaidi uchezaji wake siyo picha, ni stoo yake ya ndani inayosoma data kama GB 5.5 kwa sekunde, zile dakika za kukaa unaangalia mstari unajaa huku umeshika padi zimekuwa sekunde. Hamna mtu anayepiga picha ya kusubiri kidogo akaiweka kwenye trela, ila ukizoea huwezi kurudi.

Na mfano mchungu ni gemu ya Cyberpunk 2077. Desemba 2020 imetoka, kwenye kompyuta zenye nguvu watu wanaifurahia pamoja na makosa yake, kwenye PS4 na Xbox One za kawaida ilikuwa ni balaa, freimu zinaanguka, watu wanatokea na kupotea, inajizima. Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni siku chache baada ya kutoka na haikurudi mpaka Juni 2021. Stori ileile, misheni zilezile, mji uleule, ila kwenye mshahara mdogo ikawa haichezeki. Huwezi kumwambia aliyeinunua kwenye PS4 kwamba muhimu ni raha. Raha ipi? Cha kuchekesha gemu hiyohiyo ilikuja kwenye Switch 2 siku ileile mashine inatoka, inachezeka vizuri tu mkononi, maana watengenezaji walikaa chini wakapanga bajeti upya, na mashine yenyewe inasaidiwa na ujanja wa kuchora picha ndogo halafu kuikuza kwa akili bandia ionekane kubwa.

Kuna na ile ya teraflopsi. Hicho ni kipimo cha hesabu ngapi chipu ya picha inaweza kupiga kwa sekunde, teraflopsi moja ni hesabu trilioni moja. Xbox Series X ina 12, PS5 ina 10.28, na miezi ya mwanzo ya mwaka 2020 watu waligombana kwa hizo namba mpaka basi. Ukiziweka pembeni kwa pembeni, gemu nyingi hutaona tofauti, nyingine zilikimbia vizuri zaidi kwenye PS5. Ni namba ya juu kabisa ambayo chipu inafika kwenye hali nzuri, siyo ya gemu yako, na ukilinganisha chipu za vizazi tofauti ndo haina maana kabisa. Kama mtu anakushawishi ununue mashine kwa teraflopsi, msikilize kwa adabu halafu muulize gemu gani anacheza.

Kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kinaumiza zaidi ni bei ya kutengeneza. Mwaka 2023 kwenye kesi ya Microsoft huko Marekani zilivuja nyaraka za Sony ambazo zilifutwa kwa kalamu nyeusi vibaya, zilipopigwa skani maandishi yakasomeka. Zikaonyesha gemu ya The Last of Us Part II iligharimu dola kama milioni 220 na Horizon Forbidden West milioni 212, mamia ya watu, miaka mitano au zaidi. Sehemu kubwa ya hizo hela inaenda kwenye ule undani, kila jiwe, kila kope. Sasa ukiwa umeweka dola milioni 200 mezani huthubutu kujaribu kitu cha ajabu, unatoa namba mbili, namba tatu, namba nne ya kitu kilichouza jana. Hapo grafiksi inaila raha bila kugusa hata freimu moja, inaila ofisini kabla gemu haijaanza kutengenezwa. Na fedha hizo hazikulindi pia, gemu ya Concord ya Sony ilitoka mwezi wa 8 mwaka 2024, picha safi kabisa, baada ya wiki 2 wakaizima na kurudishia watu hela zao. Huku Vampire Survivors, gemu iliyoanza na mtu mmoja, michoro ya pikseli nene kama ya miaka ya 80 na mchezaji anatumia kidole kimoja tu, ilichukua tuzo ya gemu bora ya BAFTA, zile tuzo za Uingereza, mwaka 2023 mbele ya gemu kubwakubwa. Minecraft, dunia ya maboksi, mwaka huohuo ikapita nakala milioni 300.

Ila nisiseme wakubwa hawawezi. Gemu bora ya mwaka 2024 kwenye tuzo za The Game Awards ilikuwa Astro Bot, ya Sony wenyewe, ya PS5, kikundi cha watu kama 60 hivi kwa miaka mitatu, roboti kadogo kanaruka. Ina picha nzuri sana. Ila zile nguvu wamezitumia kwa vitu vya kuchezea, maelfu ya vipande vidogo vinavyomwagika ukivipiga teke, maji, majani, padi inatetemeka kwa namna tofauti ukikanyaga kila aina ya sakafu, na freimu haziyumbi. Mshahara uleule wa PS5, wameupangia tofauti.

Kwa anayejiandaa kununua sasa, mi ningeanzia mbali kabisa na grafiksi. Orodhesha gemu tatu unazotaka kweli kucheza, angalia zipo kwenye mashine gani, nyingine hazitoki nje ya kwao, Mario hutampata PlayStation. Kisha wenzako unaocheza nao wana nini, maana konsoli ya peke yako mtaa mzima utaichoka. Kisha bei ya gemu zenyewe na siyo ya mashine tu, Mario Kart World kwa mfano imeingia kwa dola 80, na kama mtandao wako ni wa bando kumbuka gemu moja leo inaweza kufika GB 100, kwahiyo ile mashine yenye sehemu ya diski ina faida ambayo muuzaji hatakwambia.

Halafu TV. Kama ni ya inchi 32 na unakaa mita 2 nyuma, jicho la kawaida haliwezi kutofautisha 4K na Full HD kwa ukubwa huo, na TV nyingi za inchi 32 hazifiki hata hiyo Full HD. Usilipie pikseli ambazo huzioni. Ukishaiwasha, ingia kwenye menyu ya gemu utafute ile modi ya kasi uijaribu kwa siku mbili kabla hujaamua. Na kwenye rimoti ya TV kuna mpangilio unaitwa Game Mode, mara nyingi umejificha kwenye sehemu ya picha. TV za kisasa zinachukua muda kuipendezesha picha kabla ya kukuonyesha, na huo muda unaongezeka kwenye ule wa padi. Ukiiwasha hiyo modi TV inaacha mapambo, rangi zinapoa kidogo, na padi inaanza kukusikiliza. Ni bure, na kuna watu wana PS5 mwaka wa tatu hawajawahi kuigusa.